Jagi la Maji Nyuma ya Kiti

Probox ikipita Marani, bei yake tunaikadiria kwa namna ilivyoinama nyuma. Miaka yake ya kubeba abiria, ndizi na magunia ya parachichi kutoka huku hadi Kisii mjini imeandikwa kwenye springi. Lakini Pasaka ile kijana wa kwetu aliingia kutoka Nairobi na Mazda MX-5, gari la viti viwili ambalo paa lake ni turubai la kukunja, na sokoni akakosekana mtu wa kulitajia bei. Alitaka milioni moja na laki mbili. Mama mmoja aliuliza mbuzi atakaa wapi.

Akaitwa fundi mzee ambaye gereji yake ni kivuli cha mparachichi.

Hakufungua boneti. Hilo la kwanza ndilo lililonifanya nisogee karibu. Madalali hukimbilia injini, na injini huoshwa ikang'aa kuliko sufuria ya harusi. Yeye alichuchumaa kando ya mlango, akafuata kwa ukucha mwanya ulio kati ya mlango na bodi, toka juu hadi chini. Mwanya ukianza mwembamba ukaishia mpana, hapo pamewahi kugongwa. Kisha akagonga bati kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, mpaka nyuma ya gurudumu sauti ikawa butu. Puti. Hakusema kitu. Akasoma maandishi madogo kwenye pembe za vioo kuona kama vyote ni vya umri mmoja. Akavuta mkanda wa kiti hadi ulipogoma, akaunusa: gari lililoingiwa na mafuriko huacha mstari wa tope huko ambako mwoshaji hafiki.

Namba ya gari hakuitazama kabisa. Mimi niliwahi kulipa pesa nyingi kwa sababu ya herufi za KD, nikaondoka na chuma kilichochoka. Kenya inaruhusu gari la mtumba kuingia mradi halijapita miaka 8. Namba itakwambia lini lilisajiliwa hapa. Lilikochakalia kabla ya hapo haisemi.

Halafu mzee akaomba jagi la maji.

MX-5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ni gari jepesi na tamu barabarani, ila lina ugonjwa wake. Mvua inayoteremka kwenye turubai hukusanyika nyuma ya viti, ikashuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, hadi chini ya gari. Majani yakiziba mrija, maji hujitafutia njia ndani ya bodi, na bati huoza kimyakimya chini ya rangi nzuri. Nilimuuliza alijuaje, yeye ambaye maisha yake yote ni Probox na pikapu. Akasema hakujua. Aliona turubai likikunjwa akajiuliza maji ya Marani, ambako mvua haina mwezi wa mapumziko, yatapitia wapi.

Akamimina upande wa kulia, akainama. Maji yalitoka mara moja. Kushoto tulingoja. Tone. Tone jingine. Akaingiza uzi wa plastiki polepole, maana waya ungetoboa mrija, akauzungusha kama mtu anayetoa nta sikioni mwa mtoto. Pakatoka maji ya kahawia yenye vipande vya majani. Ndipo akalala chali chini ya mlango na kubonyeza bati kwa dole gumba, hatua kwa hatua.

"Bado gumu," akasema. "Umebahatika, kijana."

Bei hakuianzia kwenye ile milioni na laki mbili. Alimpigia simu mtu wake wa Nairobi, akauliza magari kama hilo yameuzwa kwa ngapi. Si yametangazwa kwa ngapi. Alilirudia swali mara mbili. Milioni moja. Akaanza kutoa: turubai limechanika kwenye mshono, elfu themanini, tairi, sitini, kazi ya puti, hamsini. Kila alipotoa alinyamaza mpaka kijana aitikie kwa kichwa. Kisha, bila kuombwa, akaongeza elfu arobaini: funguo zote mbili zipo, jeki haijawahi kutoka mahali pake, risiti za oili zimetunzwa. "Hizi umezisahau mwenyewe." Nimekaa vikao vingi vya mahari, sijamwona mzee akimkumbusha wa upande wa pili anachostahili.

"Laki nane na nusu."

"Hapa Marani, Mzee?"

"Hapa Marani nani atalipanda? Nimekupa ya Nairobi."

Wingu lilikuwa limeshafika vilimani. Kijana alikimbia kufunga turubai, sisi tukakimbilia barazani. Mzee alibaki, gunia kichwani, amechuchumaa nyuma ya gurudumu la kushoto, akitazama maji yakitoka.