Ufundi wa Kumtunza Asiyepona

Kijana akisema anataka kusomea uuguzi au ustawi wa jamii, wazee humpongeza kwa moyo wake. Sifa hiyo hunikera kidogo. Mara nyingi anayesifiwa moyo ni yule ambaye hatuna mpango wa kumlipa vizuri. Seremala hatumsifu kwa kupenda mbao. Tunaujaribu mlango kama unafunga. Natamani muuguzi wa tiba shufaa naye atazamwe hivyo, kwa kazi ya mikono yake.

Tiba shufaa ni matunzo ya mtu ambaye maradhi yake hayaponi tena. Wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hufika saratani ikiwa imeshasambaa, na baadaye hurudi nyumbani. Huko ndiko ufundi huu unakopimwa.

Chukulia mama mwenye saratani ya titi iliyopasuka na kuwa kidonda. Harufu imejaa chumbani, ndugu wanamjulia hali wakiwa mlangoni, naye anajua kwa nini hawaingii. Muuguzi anaketi karibu naye. Kitambaa kilichogandia hakibandui kikiwa kikavu; anakilowanisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, anasubiri, kisha anakitoa taratibu. Halafu anasaga vidonge vya metronidazo, vilevile tunavyomeza kwa amiba, anaunyunyiza unga wake juu ya kidonda na kukifunika. Harufu ile huletwa na bakteria; dawa ikiwapunguza, nayo hupungua, na baada ya siku chache wajukuu wanaweza kurudi kukaa mkekani kando ya bibi yao. Kidonda hakijapona, wala hakitapona. Ila nani atasema hapo hapajafanyika tiba?

Maumivu nayo yana kipimo chake. Mgonjwa huombwa aonyeshe kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni yamezidi kiasi. Muuguzi mzoefu hasomi vidole peke yake. Mzee anaweza kuinua viwili huku jasho linamtoka kipajini, kwa kuwa tangu utotoni aliambiwa mwanamume halii. Basi huulizwa kwa upole, “Jana ulilalaje, baba?” Jibu la hapo huwa la kweli zaidi.

Kisha inakuja mofini ya maji. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alijenga huduma yake juu ya dawa hiyo: unga wa mofini uliochanganywa na maji, wa bei nafuu, unaonyweka hata na asiyeweza kumeza kidonge. Mwaka 2004 Uganda iliruhusu wauguzi na matabibu waliosomea huduma hii kuiandika wenyewe, kwani kumsubiri daktari kijijini ni kumwacha mtu na maumivu. Dozi hufuata saa, haingoji kilio: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku huongezwa maradufu ili mgonjwa na anayemuuguza walale hadi alfajiri. Dawa ya kulainisha choo huanza siku hiyohiyo, maana mofini hufunga tumbo. Na lazima shemeji mmoja atauliza kama mgonjwa hatageuka teja. Hajibiwi kwa kejeli. Anaelezwa, na kesho yake anaelezwa tena.

Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice jijini London mwaka 1967, alikuwa muuguzi, kisha ofisa wa ustawi wa wagonjwa hospitalini, kisha daktari. Mtu aliyepita njia hizo tatu ndiye aliyefundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya nafsi, ya roho na ya mambo ya nyumbani kwa pamoja. Hilo la mwisho, kwetu, ndilo huchelewa kuonekana. Dozi imepandishwa na mgonjwa bado hapati usingizi. Ukimdadisi, kumbe anawaza shamba ambalo ndugu wa marehemu mumewe wamelikalia macho, na binti wa kidato cha pili asiye na wa kumlipia mahitaji. Hapo chupa ya mofini inawekwa kando, anaitwa ofisa ustawi wa jamii, na kazi ya siku hiyo ni kuwakutanisha ndugu, kumtafuta mtendaji wa kijiji na kuandika wosia wenye mashahidi kabla mama hajachoka kuongea.