Pongezi kwa Fundi wa Polishi
Magari mengi ya mtumba kutoka Japani hushushwa Mombasa na Dar es Salaam yakiwa na rangi laini ya kiwandani. Yakigongwa, bampa au boneti hupigwa rangi upya gereji, na hapo gari moja huweza kuwa na rangi za ugumu wa aina mbili. Fundi hodari haanzi kwa pupa: hujaribu kipande kidogo kwa sponji laini na polishi hafifu. Mlango hung'aa mara moja; boneti iliyopigwa rangi upya huenda ikagoma, ikadai sponji ngumu. Klia yenyewe, yaani tabaka angavu la juu ya rangi, aghalabu ni nyembamba kuliko unywele, na kila msuguano huipunguza. Nawavulia kofia hasa wanaothubutu kuuacha mkwaruzo mzito ulipo, mwenye gari anune asinune.