Saksafoni Kati ya Sanamu

Katika rekodi ya mpiga saksafoni wa jazi Sonny Rollins ya tarehe 17 Juni 1965 kuna kasoro ambayo fundi wa sauti angeihuzunikia, nami naipenda kuliko vyote vilivyonaswa vizuri. Saksafoni inavuma karibu na sikio, mara inafifia, inasogea, inakaribia kupotea nyuma ya ngoma, kisha inarudi na nguvu zake. Mtambo haukuharibika. Rollins alikuwa akitembea. Alisimamishiwa kipaza sauti katika bustani ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa mjini New York, akakiacha pale kilipo, akaenda zake huku anapuliza. Tommy Flanagan kwenye piano, Bob Cranshaw kwenye besi, na wapiga ngoma wawili, Billy Higgins na Mickey Roker, wakabaki kumshikia mdundo.

Mtu anayetembea vile yuko kazini. Anapima mahali. Karibu na ukuta sauti humrudia kali. Katikati ya uwanja huenda zake isirudi. Akiwageukia watu waliokaa, miili na nguo zao huinywa. Ukumbi wa muziki umejengwa ili mpigaji asisumbuke na mambo hayo. Jumba la sanaa halikujengwa kwa ajili yake. Limejengwa kwa ajili ya macho, na mwanamuziki anayekubali kupiga humo jioni anaanza na swali ambalo mpigaji wa ukumbini amekwisha kujibiwa na wajenzi: hapa sauti yangu itakwenda wapi? Ufundi ninaotaka kuusifu ni wa kulijibu swali hilo papo hapo, mbele ya watu, bila kuusimamisha wimbo.

Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1953, kazi ya msanifu majengo Philip Johnson, ikapewa jina la Abby Aldrich Rockefeller, mmoja wa wanawake watatu walioyaasisi makumbusho hayo mwaka 1929. Imesakafiwa kwa marumaru ya kijivu, ina vidimbwi na miti, na sanamu zake husimama nje jua na theluji. Mwaka 1960 makumbusho yalianza kuleta wapiga jazi humo jioni za kiangazi, majira ambayo New York jua halizami hadi yapata saa mbili na nusu usiku, na watu hutafuta kila sababu ya kutorudi ndani ya nyumba zenye joto.

Mwaka huohuo, katika jiji hilohilo, mpiga piano Randy Weston alirekodi Uhuru Afrika, kazi iliyopangiwa bendi kubwa na Melba Liston, na humo Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, anasikika akisoma kwa Kiswahili maneno ya uhuru ya mshairi Langston Hughes. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado haijapandisha bendera yake. Nalitaja hilo ili msomaji wa Kiswahili asiisikilize jazi ya New York ya miaka ile kama mgeni aliyechungulia dirishani. Lugha yake ilikuwa imeshaketi sebuleni.

Turudi kwa Rollins. Kutembea kwake kulikuwa na historia. Mwaka 1959, akiwa tayari ni jina kubwa, aliacha kupanda jukwaani. Chumbani kwake asingeweza kupuliza kwa nguvu bila kuwaudhi majirani, basi akapanda na saksafoni yake kwenye daraja la Williamsburg, juu ya Mto East, na huko akafanya mazoezi mchana na usiku hadi mwaka 1961. Chini meli zinapita, ubavuni treni zinanguruma, upepo unachukua kila noti kabla haijakomaa. Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kama habari ya unyenyekevu, na ni kweli ilikuwa hivyo. Mimi naiona pia kama shule ya mahali. Aliyeweza kuijaza sauti yake hewani juu ya mto ule, pasipo ukuta wa kumrudishia chochote, alifika bustanini miaka michache baadaye akiwa na pafu na sikio la kazi hiyo.

Ndani ya jengo mambo huwa magumu zaidi. Taasisi ya Sanaa ya Detroit ina ua uliofunikwa, na kuta zake zimejaa michoro 27 ambayo Diego Rivera aliikamilisha mwaka 1933: wafanyakazi wa kiwanda cha magari cha Ford wamejipinda juu ya mashine, tanuri zinawaka, mikono inavuta vyuma. Humo muziki hupigwa Ijumaa jioni. Mji ni mwafaka, kwa maana Detroit ndiyo iliyowalea Kenny Burrell, Barry Harris na yuleyule Tommy Flanagan wa bustanini. Lakini mawe na plasta na dari ya juu havimhurumii mtu. Noti iliyokwisha kuachwa huendelea kukaa hewani, inayofuata huikuta, ya tatu huzikuta zote mbili, na mpigaji mwenye haraka hugeuka kelele bila kujua amegeukaje.

Tazama basi wajuzi wanavyofanya. Mpiga ngoma huweka fimbo chini akachukua brashi za nyaya, zile zinazofagia ngozi ya ngoma badala ya kuigonga, na chini ya ngoma zake hutandikwa zulia. Mpiga besi hupunguza amplifaya, kwa sababu sauti nene ndizo zinazojilimbikiza upesi na kumeza wengine. Mpiga piano huondoa mguu kwenye pedali mapema kuliko alivyozoea. Kiongozi huchagua mwendo wa taratibu, au huutunza wimbo wa mbio hadi watu wajae, kwani ukumbi uliojaribiwa mtupu saa kumi jioni si ukumbi wa saa moja usiku. Mpuliza tarumbeta aliyekomaa hufanya jambo ninalolistahi kuliko yote: hupiga sentensi fupi, hunyamaza, huuacha mwangwi umalize sehemu yake, kisha hujibu. Jengo linakuwa mwanabendi. Nimewasikia vijana wenye vidole vyepesi kupita kiasi wakishindwa kabisa na kuta za namna hiyo, na wazee wa noti chache wakizifanya ziimbe.

Haya yote hufanyika chini ya masharti ya wenye nyumba. Pumzi za watu huongeza joto na unyevu, na wahifadhi wa picha hukesha kwa hofu ya vitu hivyo. Vinywaji havisogezwi karibu na picha. Ngurumo inayotikisa sakafu haipendwi. Mwanamuziki mwema hayaoni masharti hayo kuwa matusi. Anapiga mbele ya vitu vilivyovuka vita na bahari, na kuvilinda ni sehemu ya adabu ya jioni ile.

Tarehe 19 Julai 1985 Rollins alirudi katika bustani ya New York, safari hii peke yake kabisa. Hapakuwa na piano, besi wala ngoma. Karibu saa nzima mtu mmoja na saksafoni moja. Rekodi yake iliitwa The Solo Album. Wapenzi wa taarabu asilia ya Unguja wataielewa upesi kuliko wengi, kwa kuwa wanaijua taksimu: mpiga udi au kanuni anaachiwa uwanja, anaitafuta njia ndani ya makamu, yaani ngazi ya sauti, bila ngoma ya kumhesabia, na watu wanamwitikia kwa pumzi. Ila mpiga taksimu ana wimbo unaomngoja mwishoni. Rollins hakuwa na wimbo wa kumpokea. Anaokota kipande cha tuni, anakigeuza, anakitupa, anakiokota tena kikiwa na sura nyingine.

Wapo wanaosema saa ile ni ya mtu anayejipasha moto bila kuanza mchezo. Nadhani wanaidai nyumba wakati wameonyeshwa ujenzi. Katika bustani hiyohiyo, kwa miaka mingi, amesimama mbuzi wa Picasso, aliyeundwa mwaka 1950. Kabla hajamiminwa kwa shaba, tumbo lake lilikuwa kapu kuukuu, matiti yake vyungu, na uti wa mgongo wake kuti. Ukimkaribia bado unaziona alama za vitu hivyo. Picasso hakuzifuta, na mbuzi ni mbuzi mzima, mwenye mimba, mkaidi. Rollins hujenga hivyohivyo, kwa makapu na makuti ya nyimbo ambazo kila mtu amewahi kuzisikia mahali fulani, na maungio yake huyaacha wazi makusudi ili tuone jinsi kitu kinavyopata uhai.

Tunayajua haya kwa sababu siku mbili tatu mtu aliwasha mashine ya kurekodi. Mpiga vibrafoni Milt Jackson naye alinaswa humo Agosti 1965, Ron Carter akiwa kwenye besi. Rekodi ya Rollins ya Juni mwaka ule ilikaa miaka 13 kabla ya kutolewa mwaka 1978. Jioni nyingine nyingi zilikwisha watu walipokunja viti. Sanamu za bustani ile kila moja ina kibao chake: jina la msanii, mwaka, na kama ni shaba au jiwe. Ningependa wapigaji nao wawekewe, katika kila jumba la sanaa linalofungua milango yake jioni kwa ajili ya muziki, kwa herufi za ukubwa uleule. Bob Cranshaw, besi, 17 Juni 1965. Billy Higgins na Mickey Roker, ngoma, tarehe hiyohiyo. Kibandikwe kando ya mbuzi.