Machakos, Jamani, Machakos!

Wengi wetu tunaijua Machakos kwa kuipita tukielekea Kitui. Mwaka huu nimeshuka, na siwezi kunyamaza: hakuna mji mtamu kama huu karibu na Nairobi, na ni kilomita sitini na kitu tu!

Ukiacha barabara ya Mombasa, tambarare kavu inakwisha na Milima ya Iveti inasimama mbele yako, imekatwa matuta toka chini hadi juu. Ni kazi ya mikono hiyo. Wanaita fanya juu: unachimba mtaro, unarusha udongo upande wa juu, mvua inabaki shambani. Miaka ya 1930 wakoloni waliiona ardhi hii kama imeshakufa. Waje waione leo!

Na soko! Siku zenyewe ni Jumatatu na Ijumaa. Viondo vya mkonge, maembe, mbaazi, ndengu zinazong'aa kwenye magunia. Nilisimama kwenye muthokoi, yale mahindi yaliyotwangwa yakavuliwa ganda. Mama aliyekuwa akiuza alijaza gorogoro hadi ikafanya kilele, akasawazisha kwa kiganja, kisha akatia nyongeza bila kuombwa. "Loweka usiku kucha, mwanangu, ndiyo uchanganye na maharagwe." Nimepika. Sitaki wali tena mwezi huu.

Mji huu, uliopewa jina la Masaku, kiongozi wa Wakamba, ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza kabla Nairobi haijazaliwa. Reli ikapita mbali nao, na mwaka 1899 ofisi za mkoa zikahamia Nairobi. Watu husimulia habari hiyo kwa masikitiko. Mimi naona Machakos ilipata bahati. Ilibaki na ukubwa unaotembeleka kwa miguu: kutoka stendi hadi sokoni hadi kwenye sahani ya nyama choma, na vilima unaviona muda wote.

Jioni kuna People's Park kando ya bwawa la Maruba. Nje ya mji kuna Kyamwilu, ambako maji yakimwagwa barabarani yanaonekana kupanda mlima. Ni macho yanayodanganywa na mwinamo wa ardhi, lakini utapiga kelele tu.

Nendeni Ijumaa. Pandeni matatu ya alfajiri mfike magunia yakifunguliwa, na mbebe mifuko mikubwa kuliko mnavyodhani mtahitaji.