Marejeo ni Ngamani: Ulimwengu Uliofumwa na Ulimwengu Ulionyooka katika Michezo Migumu ya Video

Mgeni atokaye Musoma kwenda Nyegina kwa gari hufika upesi, lakini akiulizwa habari za njia hana la kusema ila barabara aliyopitia. Mwenyeji wa Nyegina ana elimu nyingine. Akijua kijia kipitacho nyuma ya majabali na kutokea shambani kwa jirani. Ajua mahali ambapo ziwa huonekana kabla ya kufikiwa. Na akichelewa usiku hutambua alipo kwa mti mmoja au jiwe moja. Wote wawili wamefika Nyegina, lakini mmoja amepita katika nchi, na kwa mwingine nchi imepita ikakaa katika fahamu zake.

Tofauti hiyo ndiyo iliyo chini ya mjadala unaowashughulisha wapenzi wa michezo ya video ya vitendo, hasa ile migumu ambamo mchezaji huvaa nafsi ya mhusika, humwongezea nguvu kidogo kidogo, na hufa mara nyingi kabla ya kushinda. Wako wasifuo ulimwengu uliofumwa, yaani ule ambao sehemu zake zimeungana kwa vijia, ngazi na milango, hata mchezaji akarudi mahali pa zamani kwa njia mpya. Wako pia wasifuo ulimwengu ulionyooka, umchukuao mchezaji kutoka kituo hadi kituo pasipo kumrudisha nyuma. Mara nyingi mjadala huo huendeshwa kama ubishi wa ladha, mithili ya watu wawili wabishanao juu ya chumvi katika mchuzi. Yafaa uchunguzwe kama swali la fasihi, kwa sababu umbo la safari ni sehemu ya maana ya hadithi.

Labda atatokea mwanachuoni wa kusema kwamba michezo haistahili kalamu ya mhakiki wa Kiswahili. Nyegina yenyewe yaweza kumjibu. Hapo ndipo alipobatizwa Julius Nyerere mwaka 1943, na mtu huyo, miaka ishirini baadaye, alitoa tafsiri yake ya Juliasi Kaizari. Tamthilia za Shakespeare zilipochezwa mara ya kwanza huko London zilitazamwa na matajiri na wachuuzi pamoja, na wakubwa wengi wa dini na wa mji waliziona kuwa upuuzi. Mfasiri hakuuliza kama sanaa hiyo ilizaliwa katika heshima. Aliuliza kama Kiswahili kingeweza kuibeba. Leo swali limegeuka, kwa kuwa tangu mwaka 2024 uko mchezo wa video ambao wahusika wake huzungumza Kiswahili tangu mwanzo hata mwisho. Mchezo huo utapimwa hapa chini, lakini kwanza hapana budi kueleza sheria ya jamii nzima ya michezo migumu.

Kampuni ya Kijapani iitwayo FromSoftware ilitoa Demon's Souls mwaka 2009 na Dark Souls mwaka 2011, yote miwili chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Katika michezo hiyo mchezaji akiua adui hupata roho, na roho hizo ndizo fedha yake na ndizo chakula cha nguvu zake. Akifa, roho zote alizobeba hubaki pale alipoanguka. Yeye huamka mahali pa nyuma, na maadui wengi aliokwisha kuwaua husimama tena. Akifika salama mahali pa mauti yake huokota mali yake. Akifa tena kabla ya kufika, imepotea kabisa. Kwa hiyo adhabu ya kushindwa ni kuirudia njia. Basi tabia ya njia hiyo ndiyo iamuayo kama adhabu itakuwa mafunzo au udhia mtupu.

Demon's Souls haukufuma ulimwengu wake. Liko jengo moja la kati, na ndani yake mawe matano yampelekayo mchezaji katika nchi tano zisizopakana. Jiwe la sita limevunjika. Mchezaji huenda nchi hii, hurudi jengoni, kisha huenda nchi ile. Msomaji wa Kiswahili amewahi kuliona umbo hili. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, kitabu cha mwaka 1951, wajumbe sita hutumwa pande sita: mashariki, kaskazini, magharibi, kusini, mbinguni na ardhini. Safari ya Buruhani haikati safari ya Fadhili, wala Kabuli hapiti katika nyayo za Auni. Kila mmoja hutoka, huteseka, hurudi, na huadhibiwa nyumbani. Kinachoziunganisha safari hizo ni baraza la hukumu, na ulimi wa Karama azielezaye moja baada ya nyingine kama ushahidi. Umbo hilo la kitovu na matawi lafaa sana pale ambapo mwandishi ataka safari zilinganishwe. Kwa sababu hiyo si haki kuliita pungufu. Ni umbo la mtu athibitishaye hoja.

Dark Souls ulitenda jambo jingine. Mapema katika mchezo mchezaji hufika penye moto wa kupumzikia katika magofu yaitwayo Firelink Shrine. Hupanda mji wa wafu waliokataa kufa, hupita madarajani na juu ya kuta, hufa, huanza tena, na baada ya taabu nyingi hufika kwenye kanisa kuukuu. Pembeni mwa kanisa iko lifti. Huiingia asijue aendako, hushuka, na mlango ukifunguka hujikuta karibu na moto ule ule. Hakupewa upanga wala dhahabu. Amepewa habari ya kwamba masafa yote yale ya hofu yalikuwa juu ya kichwa chake tangu mwanzo, na kwamba sasa nyumbani pako karibu. Mchezo huo haumpi ramani. Ramani hukaa kichwani mwake. Mabaharia wa pwani walisema zamani: enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye kutembea chombo chote, mbele na nyuma, mwishowe huteremka mahali pale pale, na hapo hujua ukubwa wa chombo alichopanda.

Tena, katika nusu ya kwanza ya mchezo huo hakuna kuruka kimiujiza kutoka moto hadi moto. Aliyeshuka katika kinamasi chenye sumu chini ya mji hana budi kutafuta njia ya kupanda kwa miguu yake, na kina cha shimo hukipima kwa uchovu wake mwenyewe. Uwezo wa kuruka huja baada ya safari ya mji mrefu wa Anor Londo. Tangu hapo matawi ya mwisho ya ulimwengu hayaungani tena kama yale ya kwanza, na wachezaji wengi huhisi kwamba kitu kimelegea, ingawa maadui wamezidi ukali. Ushahidi huu ni mzito kwa kuwa umo ndani ya kazi moja ya watu wale wale: ugumu umebaki, ufumaji umepungua, na maana imepungua pamoja nao.

Mfano wa karibu zaidi na Mara uko ng'ambo ya maji, katika kisiwa cha Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na Kiswahili chake kikachapwa mwaka 1980. Wakwe wamemchukua binti yao kwa sababu ya matusi aliyotukanwa kwa kukosa mtoto, na Myombekere hana budi kwenda kuomba radhi, kurudi nyumbani, kutafuta pombe aliyotozwa, na kwenda tena. Msomaji mwenye haraka huona marudio. Msomaji mtulivu huona kwamba njia ni ile ile na mtu amebadilika: safari ya kwanza ni ya mwenye haya, na ile ya pombe ni ya mtu aliyekwisha kupata tumaini. Hadithi hiyo ingekatwa safari zake za kurudi, ndoa ingerudishwa kwa maneno matupu, pasipo mguu kuchoka.

Watetezi wa njia iliyonyooka wana haki ya kusikilizwa. Dark Souls III, wa mwaka 2016, humruhusu mchezaji kuruka kutoka moto hadi moto tangu mwanzoni, na sehemu zake nyingi hufuatana kama shanga katika uzi. Kwa umbo hilo mtunzi ajua mchezaji ameona nini na bado kuona nini. Aweza kupanga hofu, pumziko na mshangao kwa kipimo, kama mtungaji wa utenzi apangavyo beti zake. Mtu mwenye saa moja tu baada ya kazi hapotezi saa hiyo akitafuta mlango alioupita juzi. Tena ufumaji mbaya ni kero kubwa kuliko unyofu. Katika Dark Souls II, wa mwaka 2014, mchezaji hupanda lifti kutoka kileleni mwa jengo la kinu cha upepo, ambapo juu yake haikuonekana kitu ila mbingu, kisha akatokea katika ngome ya chuma iliyozama katika ziwa la moto. Njia imeungana, lakini nchi hazikuungana. Pale mchezaji hung'amua kwamba lifti ni kifaa cha kupitisha muda, na tangu hapo haziamini tena ngazi.

Hoja hizo zathibitisha kwamba kila umbo lina kazi yake. Katika ulimwengu ulionyooka kushindwa ni kucheleweshwa: lengo liko mbele, na kila kifo huliahirisha. Katika ulimwengu uliofumwa vyema kushindwa ni sehemu ya kufahamu, maana kila marudio huongeza ujuzi wa nchi, na ujuzi huo hauibiwi na kifo kama roho ziibiwavyo. Basi mhakiki na aulize: je, hadithi hii yahusu kufika, au yahusu kufahamu mahali?

Kwa swali hilo yafaa kuupima mchezo ule uzungumzao Kiswahili, Tales of Kenzera: Zau, uliotolewa mwaka 2024. Mwasisi wake, Abubakar Salim, ni mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, na aliutunga kutokana na msiba wa baba yake. Si wa jamii ya Dark Souls kwa kila hali. Hutazamwa kwa ubavu, na ni wa ukoo wa michezo ambayo desturi yake ni kumrudisha mchezaji mahali pa zamani akiwa na uwezo mpya. Kijana Zuberi, aliyefiwa na baba, husoma kitabu alichoachiwa na marehemu. Katika kitabu hicho mganga kijana, Zau, hufanya mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: atamletea mizimu mitatu mikubwa, naye arudishiwe baba yake. Huvaa vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, urithi wa baba huyo.

Uzuri wake ni dhahiri. Kiswahili hakikuwekwa pale kama pambo. Hubeba hasira, mzaha na ombi la mtoto kwa mzee. Lakini ulimwengu wake umenyooka kuliko desturi ya ukoo wake. Maporomoko ya maji yagandishwapo kwa nguvu ya kinyago cha mwezi hupandwa na kuachwa nyuma. Mzimu wa kwanza hufuatwa na wa pili, na wa pili na wa tatu. Na njia kuu haidai sana kurudi. Atasema mtetezi kwamba ndivyo ilivyopasa, kwa kuwa maombolezo yana hatua, na Zau hutoka katika kukataa akaelekea katika kukubali. Jibu hilo lina nguvu, lakini halikutazama jinsi watu wanavyofiwa hasa. Pwani kuna arobaini, na wafiwa hukutana tena pale pale walipolia. Katika nchi za ziwa kaburi mara nyingi huwa katika ua wa nyumba, na mwana hulipita asubuhi akienda kisimani na jioni akirudi. Siku moja hulipita akilia. Siku nyingine hulipita akifikiri juu ya mvua, kisha hushtuka kwamba hakulia. Kaburi halikusogea. Kipimo cha uponyaji wake ni mahali pale pale alipopita mara nyingi.

Mchezo wenyewe waonekana kulijua jambo hili, maana umeweka mibuyu ambapo Zau huketi kutafakari msiba wake, na akiinuka huwa na uhai zaidi. Hizo ni sehemu zake bora. Ila mchezaji akisha kupata fadhila ya mbuyu mmoja, hana haja ya kuurudia. Laiti mbuyu mmoja tu ungaliwekwa njia panda, mchezaji akaupita baada ya kila mzimu, akakuta maneno ya Zau chini yake yamebadilika ilhali kivuli ni kile kile, ramani ingalisema lile ambalo sasa lasemwa na midomo ya wahusika.

Hukumu hii haikusudiwi kushusha heshima ya kazi iliyofungua mlango. Inawahusu wanafunzi watakaotunga baada yake, na wengine wao hukua katika vijiji vya Mara wakiwa na simu mkononi. Mtunzi wa namna hiyo ana vielelezo viwili katika lugha yake: baraza la Kusadikika, ambapo safari nyingi huletwa mbele ya hukumu moja, na kijia cha Ukerewe, ambapo mtu mmoja huenda kwa wakwe na kurudi. Kabla ya kuchora adui wa kwanza, aamue hadithi yake yataka kipi. Na akichagua kijia, atembee kwanza kwa miguu kutoka nyumba moja ya Nyegina hadi nyingine, mchana na usiku, mpaka aijue njia bila ya kuuliza.