Namna Kantor Alivyoifanya Bahari Okestra

Tarehe 23 Agosti 1967, katika ufuko wa Łazy karibu na Osieki, kaskazini mwa Poland, mchoraji na mwongozaji wa tamthilia Tadeusz Kantor aliandaa onyesho aliloliita Panoramiczny happening morski, yaani tukio pana la baharini. Lilikuwa na sehemu kadhaa, lakini inayokumbukwa zaidi ni moja: mtu aliyevaa koti jeusi lenye mikia, amesimama juu ya kijukwaa ndani ya maji, anayaongoza mawimbi. Mtu huyo alikuwa msanii Edward Krasiński, mmoja wa waanzilishi wa nyumba ya sanaa ya Foksal jijini Warsaw.

Ufundi wote umo katika kuelekea. Kiongozi wa okestra huwapa watazamaji mgongo, akawaelekea wapigaji. Krasiński aliwapa mgongo watu walioketi ufukweni, akaielekea bahari. Basi. Mchanga ukawa ukumbi na mstari wa maji ukawa ukingo wa jukwaa. Hakuna kilichochimbwa wala kupakwa rangi. Pwani ile ile ya kila siku ilibadilika kwa sababu watu walipangiwa mahali pa kukaa.

Koti nalo lilikuwa na kazi. Angevaa nguo ya kuogelea, angeonekana mwogaji anayepunga mikono. Na kwa kuwa mawimbi hayangoji ishara ya mtu, mkono ndio uliolazimika kuyafuata. Kichekesho hicho, katika nchi iliyotawaliwa na Wakomunisti waliopenda kupanga kila kitu, sidhani kilihitaji maelezo.

Sehemu nyingine za onyesho hazilingani kwa nguvu. Kuigiza mchoro wa Théodore Géricault wa mwaka 1819, ule wa manusura juu ya chelezo, kulimtaka mtazamaji awe anaujua mchoro wenyewe. Kupanda magazeti mchangani kama mimea shambani kulikuwa na nguvu zaidi: upepo wa pwani ulipata cha kufanya.

Tunayoyaona leo tumeachiwa na mpigapicha Eustachy Kossakowski, aliyesimama nyuma ya watazamaji. Aliyekaa pembeni siku hiyo hakuona ulinganifu ule wa watazamaji, kiongozi na bahari. Kamera ilichagua kiti bora kuliko vyote.

Kuna sharti moja ambalo wahakiki wa Ulaya hawana sababu ya kulitaja. Baltic haina kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua sisi. Tofauti ni sentimita chache tu, hivyo kijukwaa kilibaki mahali pake. Katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kiongozi anayeanza na maji magotini atamaliza akiwa mkavu mbele ya matope, au akiogelea. Msanii wa Bagamoyo au Lamu anayetaka kujaribu jambo kama hili aanze na jedwali la kupwa na kujaa kwa maji, kisha awaulize wavuvi. Koti litafuata.