Kuipima Filamu ya Wanawake Wawili Wapendanao

Filamu kuhusu mapenzi ya wanawake wawili huhukumiwa mara nyingi kabla haijatazamwa. Anayeipinga humtosha kuijua mada yake, na anayeitetea humtosha ujasiri wa aliyeitengeneza. Wote wawili huwa hawajaugusa ufundi. Kamera ilisimama wapi, nani alipewa nafasi ya kunyamaza, mtaa ulichorwaje, fedha zilitoka wapi: hayo ndiyo maswali ya mtu anayejua kuchagua filamu, na hujibika bila kujali msimamo wake kuhusu mada yenyewe.

Kwa Afrika Mashariki, kipimo kilicho karibu ni Rafiki ya mwongozaji Mkenya Wanuri Kahiu. Bodi inayoainisha filamu nchini Kenya iliipiga marufuku Aprili 2018. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa Cannes katika kitengo cha Un Certain Regard, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa na tamasha hilo. Septemba mwaka huohuo Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu alisimamisha marufuku kwa siku 7, ili filamu itimize sharti la kuonyeshwa nyumbani kabla ya kushindania Oscar. Kumbi zilijaa. Hata hivyo kamati ya Kenya ilipeleka Supa Modo ya Likarion Wainaina, nayo ni filamu nzuri. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliibariki marufuku ile. Mfuatano huu una uzito kwa anayefuatilia sheria na uhuru wa kujieleza, lakini hauthibitishi kwamba filamu imetengenezwa vizuri. Marufuku huongeza watazamaji; haiongezi ustadi.

La kwanza la kukagua ni jicho. Kwenye filamu dhaifu ya aina hii, kamera husimama kama mtu anayechungulia dirishani: miili huonyeshwa vipandevipande, mwanga humwagwa kitandani, na wahusika hawajui kwamba wamekuwa maonyesho. Kwenye filamu iliyokomaa, anayetazama ni mhusika mwenyewe. Katika Rafiki, msichana Kena anapomwona msichana mwenzake Ziki kwa mara ya kwanza, yuko kibandani na vijana wa kiume anaocheza nao mpira. Ng'ambo ya pili Ziki anacheza muziki na wenzake, nywele zake za kusuka zikiwa na rangi. Mtazamaji anamwona Ziki kutoka pale alipo Kena, kwa umbali uleule na kwa wasiwasi uleule wa kuonekana anatazama. Baadaye, mvua inapowakimbiza hadi kwenye gari bovu lililotelekezwa, ukaribu wao unaonyeshwa kwa kiasi. Wapo walioona kiasi hicho kuwa ni woga. Hoja hiyo haina nguvu: katika mtaa ambao kila mlango una macho, wawili hawa hawana muda wala nafasi, na kamera ingekuwa inadanganya kama ingetulia kuliko wao.

Mtaa wenyewe ndio kipimo cha pili, na pengine ndicho kinachotenganisha fundi na mwanagenzi upesi zaidi. Filamu nyingi za bei nafuu, za Bongo zikiwemo, hukaa sebuleni: kochi, pazia, watu wawili wanaojibizana hadi mmoja aondoke kwa hasira. Mtaa wa Slopes katika Rafiki unafanya kazi ya mhusika. Kuna duka la baba yake Kena, kuna kibanda cha Mama Atim ambako chakula na umbea hupakuliwa pamoja, kuna kanisa, kuna ubao wa kuteleza ambao Kena huutumia kukatiza barabara. Kila mahali pana mtu anayeona. Mtazamaji akishaufahamu mtaa, hahitaji kuambiwa kwa maneno kwamba mapenzi haya yana hatari, kwa sababu ameshahesabu mwenyewe njia za kutokea. Filamu inayolazimika kueleza hatari kwa mazungumzo imeshindwa kupanga mahali pake.

Wapinzani nao watazamwe kwa makini. Ni rahisi kumfanya mzazi au mchungaji kuwa jitu la chuki, na ni rahisi vilevile kumfanya rafiki mwema asiyekosea. Katika Rafiki baba yake Kena, mgombea katika uchaguzi, ni mpole kuliko mama yake, na upole huo unamgharimu kisiasa. Mama, aliyeachwa, anamburuta binti yake kwenye maombi kwa sababu anaogopa kupoteza kitu cha mwisho alichobaki nacho. Yupo pia kijana anayezomewa mtaani kwa kudhaniwa kuwa anapenda wanaume, asiyepewa maneno mengi. Baada ya Kena kupigwa, kijana huyu anakaa karibu naye, na hakuna anayesema lolote. Tukio hilo fupi lina ufundi mwingi kuliko hotuba zote za filamu.

Udhaifu upo, na mwongozo wa haki hauufichi. Baba wa Kena na baba wa Ziki wanagombea kiti kimoja, mpango unaofanana mno na ule wa Romeo na Juliet na unaoonekana umetiwa kusukuma hadithi. Hadithi fupi iliyozaa filamu hii, "Jambula Tree" ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, haikuhitaji uchaguzi wowote. Imetungwa kama barua ya Anyango kwa Sanyu, katika nyumba za Nakawa jijini Kampala, na majirani wanatosha kuwa ndio baraza la hukumu. Anayesoma hadithi kisha akatazama filamu ataona nini kilipatikana, yaani rangi, muziki, ujana wa Nairobi, na nini kilipotea.

Umaskini wa vifaa si kasoro. Stories of Our Lives ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Jim Chuchu wa kikundi cha The Nest cha Nairobi, ina visa vitano vilivyotokana na simulizi zilizokusanywa kwa Wakenya wapenzi wa jinsia moja. Imepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na nyumba chache na nyuso chache zinatosha. Kisa cha wanafunzi wawili wa kike kinategemea karibu kila kitu kwenye jinsi msichana mmoja anavyosubiri kuombwa. Ilipofika Toronto, majina ya watengenezaji yalikuwa yamefichwa mwanzoni. Waliojitokeza ni watatu. Kenya iliipiga marufuku, na mtayarishaji wake George Gachara akakamatwa kwa madai ya kupiga filamu bila kibali. Mwaka 2015 ilipata tuzo ya majaji wa Teddy huko Berlin.

Upande wa Tanzania hakuna filamu ya kulinganishwa na hizi mbili, na sababu haziko mbali. Kila filamu hupita mikononi mwa Bodi ya Filamu, na Sheria ya Adhabu ya Zanzibar inawataja moja kwa moja wanawake wapendanao, kwa kifungo kisichozidi miaka 5.

Sauti ina sura yake kwa mtazamaji wa Songea, kusini mwa Tanzania. Huko, kama katika miji mingi ya mikoani, filamu hutazamwa zaidi kwenye simu, televisheni ya nyumbani au kibanda cha video, na vibanda vimelea kizazi kizima kwa sauti ya mtafsiri anayezungumza juu ya picha. Lufufu alijenga jina lake kwa kazi hiyo, na ni sanaa kweli: hujaza kila upenyo kwa ufafanuzi, utani na majina mapya ya wahusika. Inafaa sana kwa filamu za ngumi. Kwa filamu ambayo nusu ya maana iko katika kimya, hutia hasara, maana mtafsiri hawezi kuvumilia sekunde kumi za watu wawili kutazamana. Rafiki huchanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng, na uchaguzi wa lugha unaonyesha nani anajifanya nani mbele ya nani. Tafsiri ya kupandishiwa sauti hufuta hilo pia. Inayostahili kutafutwa ni nakala halali yenye maandishi ya chini, na spika za masikioni zitumike.

Mwisho wa filamu hupimwa kwa swali gumu kidogo: je, mwanamke anakufa kwa sababu hadithi inamtaka afe, au kwa sababu mwandishi hakujua la kumfanyia? Jadi ya sinema ya dunia ni kuwaua wanawake wapendao wanawake. Mwaka 2016 kifo cha Lexa katika tamthilia ya Marekani ya The 100 kiliwaudhi watazamaji kwa sababu hiyohiyo. Kahiu ameeleza kwamba bodi ya Kenya ilitaka mwisho wa filamu yake ubadilishwe kwa kuwa ulibeba matumaini mno, naye akakataa. Kiufundi mwisho ule ni mfupi kuliko inavyofaa, kwani miaka imerukwa haraka na Kena amekuwa daktari bila mtazamaji kuona gharama yake. Hata hivyo haupigi kelele, na hilo ni la kupongezwa.

Tamthilia ina mtihani wake. Katika vipindi vingi mapenzi pekee hayatoshi kumbeba mhusika. Lazima awe na kazi, deni, dada mgomvi, jino linalouma. The L Word, iliyorushwa Marekani kuanzia 2004 hadi 2009, ilidumu kwa sababu wanawake wake walikuwa na mengine ya kugombania. Kwa mtengenezaji anayejitegemea, shida nyingine ni njia ya kumfikia mtazamaji. Wanigeria Uyaiedu Ikpe-Etim, mwongozaji, na Pamela Adie, mtayarishaji, waliiweka filamu yao fupi Ìfé mtandaoni mwaka 2020 kwenye jukwaa lao wenyewe, ili kuikwepa bodi ya ukaguzi.

Mwisho, mtengenezaji apimwe kwa kazi zake zote. Orodha ya Rafiki inayopita baada ya picha ya mwisho inataja mashirika ya nchi kadhaa, Afrika Kusini, Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi na Norwei zikiwemo. Fedha za namna hii huchukua miaka kukusanywa, na kila mfadhili ana neno lake, kwa hiyo "kujitegemea" hapa ni kutomtegemea mmoja. Kabla yake Kahiu alikuwa ametengeneza From a Whisper, kuhusu shambulio la ubalozi wa Marekani Nairobi la Agosti 1998, na filamu fupi Pumzi, ya dunia iliyokaukiwa maji, iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2010. Mkono wake unaonekana katika zote tatu: mwanamke mmoja katikati, mahali palipojengwa kwa uangalifu, matumaini yasiyoombwa radhi. Look Both Ways, aliyoitengenezea Netflix mwaka 2022, ni nadhifu na inatazamika, ila miji yake ni mandhari tu. Hakuna Mama Atim hata mmoja anayechungulia.